Mrejesho: Binti yangu na chuo cha afya

Wapendwa, nimerudi. Niliwaomba ushauri juu ya binti yangu aliyemaliza kidato cha nne: C za Kemia na Baiolojia, D ya Fizikia, baba yake anamtaka asome Utabibu, mwenyewe kimya.

Mlioniambia nimuulize mwenyewe kwanza, asanteni. Nilimuuliza tukichambua mchicha, baba yake hayupo. Kumbe damu inamtia kizunguzungu, anataka Famasi! Miezi miwili anashinda duka la dawa la shangazi yake, anasoma vile vikaratasi vya ndani ya maboksi, nami nadhani anakwepa vyombo.

Alama zake zinatosha. Diploma ya Famasi ni miaka 3, na kinachobana zaidi ni Kemia na Baiolojia. Ila chuo cha kwanza, kile ambacho dalali wake alikuwa akitupigia kila siku, tumekitafuta kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, hakimo. Nusura nitume hela ya fomu. Tumeomba kwingine.

Baba yake bado kanuna. Lakini jana karudi na koti jeupe kwenye mfuko, kaliweka mezani, kaenda kuoga.