Napelekwa Düsseldorf miezi 14: nibebe fimbo za gofu au niziache Dar?

Bi_Mashimo18
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Kampuni inanipeleka Düsseldorf, Ujerumani, kuanzia Machi mwakani. Mkataba miezi 14, halafu narudi. Nyumbani nacheza uwanja wa Lugalo, handikapu 22 (kipimo cha uwezo wa mchezaji, ikiwa ndogo ndiyo umeiva), na Jumamosi bila gofu kwangu haijawa Jumamosi. Bosi wa huko kasikia nacheza, akaniuliza kama nina Platzreife. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa, kumbe ni mtihani! Wanasema bila huo hukanyagi uwanja. Jamani, hata gofu ina mtihani?

Mwenye handikapu ya Tanzania naye anaufanya? Nijiunge na klabu kwa muda huo mfupi? Na fimbo zangu nibebe? Mume anashauri niziache, ila huyo anazimezea mate siku nyingi. Nawasilisha.

Kisiki_cha_Mpingo
Dada, tulia. Platzreife ni ya wanaoanza: maswali ya kanuni na adabu za uwanjani, halafu unacheza mashimo kadhaa mwalimu akikutazama. Si sheria ya serikali, ni utaratibu wa vilabu vyenyewe. Wewe mwenye handikapu haukuhusu. Tangu 2020 dunia ilianza kutumia mfumo mmoja wa handikapu, Wajerumani wakaingia 2021, kwa hiyo 22 yako ya Lugalo ni 22 Ujerumani pia.

Kasheshe ni ushahidi. Ukifika mapokezi hawataki maneno, wanataka karatasi. Kabla hujapanda ndege mwombe katibu wa klabu barua ya Kiingereza yenye muhuri, tarehe ya karibuni na handikapu yako. Piga picha, weka kwenye simu. Hiyo barua ni muhimu kuliko fimbo zenyewe.

Klabu usijiunge. Mikataba yao ni ya mwaka mwaka, na kuivunja lazima uandike mapema sana, usipoandika unalipishwa mwaka mwingine huku umesharudi Dar. Tafuta VcG, ni umoja wa wachezaji wasio na klabu, upo tangu 1993. Unalipa ada ya mwaka, unapewa kadi ya Kijerumani, wanakutunzia handikapu, na kila uwanja unaokwenda unalipia siku hiyo tu. Vipo vilabu vyenye maringo ambavyo wikiendi havitaki wageni, piga simu kwanza. Anzia Lausward, hapo hapo Düsseldorf karibu na bandari. Ni uwanja wa umma, mashimo tisa, unapiga mpira huku mitambo ya umeme inakuchungulia. Si pazuri kama Kili Golf ya Arusha, lakini hakuna anayekuuliza wewe ni nani.

Mzee_wa_Bonde
Hizo euro tuma nyumbani ujenge. Gofu utaikuta.

Bi_Mashimo18
Mzee wangu, kiwanja kipo Kibaha na msingi umeshasimama. Niache nipumue kidogo 😄

Limuru_Boy
Mimi ni Mkenya, nimekaa huko kikazi. Kitu hawajakwambia: hakuna kedi. Sisi huku tumezoea mtu anabeba begi, anatafuta mpira kwenye majani, anakusomea grini (yale majani mafupi penye shimo) na kukwambia "madam, piga kulia kidogo". Huko unasukuma kigari mwenyewe, unasawazisha mchanga wa banka (lile bonde la mchanga) mwenyewe, na mpira ukiacha kidonda kwenye grini unaziba wewe, na wazee wa nyuma wanakuangalia kama unaziba vizuri. Nunua kigari cha magurudumu matatu, kilichotumika kinatosha.

Halafu umbali. Mimi nilitoka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaenda. Kufika kule mpira wa fimbo yangu namba 7 ukawa unaanguka kabla ya grini kila mara. Wewe wa Dar hilo halikupati, lakini baridi itakupata. Mwezi wa Machi mpira unakuwa mgumu, hautaki kuruka, na mwili umevaa sweta mbili hauzunguki. Chukua fimbo inayopiga mbali kuliko uliyozoea na usione aibu.

Raha yenyewe ni Juni. Jua linazama karibu saa nne usiku! Unatoka ofisini saa kumi na moja jioni, unamaliza mashimo 18 na bado unaona. Desemba giza linaingia saa kumi na nusu, na asubuhi yenye barafu wanafunga uwanja au wanakuwekea grini za muda ambazo ni majani tu. Ukihesabu miezi yako, una kiangazi kimoja. Fimbo beba, usiache kiangazi kipite ukiwa madukani unalinganisha bei. Toa kichwa cha dreva, ile fimbo ndefu kuliko zote, kama kinafunguka, zungushia taulo, na soma masharti ya ndege: wengine wanahesabu begi la gofu kama mzigo wa kawaida, wengine wanatoza.

Upepo_wa_Kaskazini
Niko Scotland. Usirudi Bongo bila kufika St Andrews. Old Course ya hapo ni uwanja wa umma, baadhi ya nafasi za kucheza hutolewa kwa bahati nasibu siku mbili kabla. Jumapili kwa kawaida haichezwi, wenyeji wanatembeza mbwa humo humo. Ile barua ya handikapu nayo utaulizwa. Ila kibali cha Ujerumani hakikuingizi Uingereza, viza yake iombe mapema.

Bi_Mashimo18
Asanteni sana. Fimbo zinaondoka na mimi, mwenye mate ayameze. Swali la mwisho: bosi akinialika klabuni kwake, nani analipa?

Kisiki_cha_Mpingo
Mjerumani kukualika maana yake tucheze pamoja, si kwamba analipa. Muulize wazi, hawakasiriki. Mgeni wa mwanachama mara nyingi hupunguziwa. Beba noti kidogo, kuna sehemu kadi zinagoma. Jinzi acha nyumbani, fika nusu saa kabla, na ukate bima ya dhima binafsi ukishapata anwani, kwa sababu mpira wako ukivunja kioo cha gari la mtu hapo hakuna "samahani bwana".