Writer ya LibreOffice kuchelewa kufunguka: nianze na mipangilio ipi?

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, ninatumia LibreOffice (mkusanyiko wa programu huria za ofisi) kwenye kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 4 na diski ngumu ya zamani, ile inayozunguka. Nikifungua Writer, programu yake ya kuandikia, kwa mara ya kwanza baada ya kuwasha kompyuta, ninasubiri hadi kufikia sekunde 40 kabla ukurasa mtupu haujatokea, ilhali nikiifunga na kuifungua tena inakuja upesi. Aidha, ripoti yangu yenye picha 18 hukwamakwama ninapoishusha. Nimeshauriwa kuzima Java (programu ya ziada ambayo baadhi ya sehemu za LibreOffice huitegemea) na kuongeza kumbukumbu ya picha, yaani RAM inayotengewa picha, lakini hiyo ya pili siioni popote. Nianze wapi?

Jibu la kwanza:
Ndugu, hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye. Mara ya pili Writer inawahi kwa sababu mafaili yake yamekwisha kuingia kwenye RAM. Mara ya kwanza yote husomwa kutoka diskini, na diski inayozunguka husoma kwa taabu mafaili madogo yaliyotawanyika. Kwa hiyo kila unapopima badiliko, washa kompyuta upya, uiache diski itulie, ndipo uifungue Writer.

Java huzimwa kwa kubonyeza Alt+F12 ili kufungua dirisha la mipangilio (Options), kuingia Advanced, na kuondoa tiki kwenye Use a Java runtime environment. Uandishi wa kawaida hauihitaji, ila hifadhidata za Base (programu ya hifadhidata ya LibreOffice) zinazotumia HSQLDB, injini ya hifadhidata inayotegemea Java, hazitafunguka. Binafsi ninashuku zaidi nyongeza (extensions) ulizosakinisha ndani ya LibreOffice. Ziondoe moja moja huku ukipima.

Jibu la pili:
Kumbukumbu ya picha usiitafute, kwani haimo tena katika dirisha la Options la matoleo mapya. Kinachokukwamisha ni ukubwa wa picha zenyewe: picha ya megapikseli 12 inaweza kuwa faili la MB 3 tu, lakini ikifunuliwa ili ionyeshwe, kila pikseli huchukua angalau baiti 3, yaani MB 36 kwa picha moja. Zidisha mara 18 uone RAM yako inabaki na nini. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua Compress, upunguze pikseli zake. Nakala halisi zihifadhi kwingine.

Muulizaji:
Ninashukuru. Kuzima Java kumepunguza sekunde 2 tu, lakini nilipoondoa nyongeza tatu ambazo sikumbuki hata nilizisakinisha lini, muda ulishuka hadi sekunde 26. Ripoti sasa inateremka bila kukwama. Je, niiruhusu LibreOffice ijipakie yenyewe kompyuta inapowaka?

Jibu la kwanza:
Ukifanya hivyo utakuwa umeuhamishia muda wa kusubiri kwenye kuwaka kwa kompyuta, na sehemu ya RAM yako itakaliwa hata siku usiyoandika chochote. Kwa GB 4 nisingeiruhusu. Sekunde 26 zilizobaki ni za diski, na hizo zitapungua ukiweka SSD, yaani diski isiyozunguka.