Duche inadondosha kama machozi: niinue tanki, ninunue pompi, ao nibadilishe kichwa?

Baba Furaha (Ibanda, Bukavu)
Wandugu, jambo. Maji kwetu yanakuja usiku, tunajaza tanki ya lita 1,000, mchana tunatumia hiyo. Imekaa juu ya kaukuta, mita moja na nusu tu kupita kichwa cha duche. Mama watoto amesharudia ndoo na kikombe, duche anaiita pambo. Fundi mmoja ananishauri mnara wa chuma. Sasa na kuchomelea vyuma ndiyo kazi yake! Mnasemaje?

Fundi wa Kadutu
Mwenye duka la pompi naye angekuambia pompi. Hesabu ni hii: kimo cha mita 10 ndicho kinatoa bari 1 (bari ni kipimo cha msukumo wa maji). Wewe uko na 0.15. Ukipandisha tanki mita moja unafika 0.25, utasikia tofauti, ila usingoje duche ya hoteli. Mimi ningeangalia tiyo kwanza. Kama ni nusu inchi kutoka tanki mpaka bafuni, na kona sita njiani, maji yanafika yamechoka. Toka tanki na inchi moja, ingia nyumba na robo tatu, nusu iwe pale mwisho tu.

Mama Neema
Sisi tulichukua pompi. Raha, sikatai. Lakini umeme ukienda, nayo imeenda. Na mwanzoni tuliifunga moja kwa moja kwenye tiyo ya mtaa: majirani wa juu wakakauka, wakaja mlangoni, haya tupu. Tena tiyo ikiwa na tundu mtaroni, pompi inavuta na uchafu wa mtaro, na kipindupindu tunakijua huku. Siku hizi inavuta kwenye tanki yetu wenyewe. Ya kwanza iliungua, tanki iliisha maji, ikazunguka kavu usiku mzima. Ukinunua, dai ile inayojizima.

Kijana wa Goma
Huku kwenye mawe ya volkano kuchimba ni taabu, tiyo nyingi zinapita juu juu. Mchana unaoga maji moto ya bure 😄 Baba Furaha, tiyo yako inapanda mahali kisha inashuka? Pale mgongoni hewa inajificha na kuzuia maji. Yetu ilipita juu ya mlango. Tulipoishusha tu, mambo yakaisha.

Fundi wa Kadutu
Kweli hiyo. Kabla ya kutoa hata franka, Baba Furaha, fanya hivi: ndoo ya lita 10, saa ya simu. Jaza kupitia duche, andika. Fungua kichwa, jaza tena na tiyo tupu.

Baba Furaha
Nimefanya leo asubuhi. Na kichwa: dakika 4. Bila kichwa: dakika 1 na sekunde 10! Nimekifungua, ndani kuna chokaa nyeupe na mchanga, na kakipande cha plastiki chenye katundu kadogo.

Fundi wa Kadutu
Ako kaplastiki kanabana maji kwa makusudi, kanafaa kwenye maji ya nguvu. Katoe. Kichwa kilaze ndani ya siki usiku kucha, kisha zibua vitundu na sindano. Na usidanganywe na vile vichwa vipana kama sahani; kwa tanki ya chini vinakunyeshea manyunyu tu.

Yaya Mapendo (Bagira)
Mdogo wangu, Bukavu ni mlima mtupu, mnara wa nini? Kiwanja chako hakipandi nyuma ya nyumba? Sisi tulichonga ngazi ya udongo kilimani, mita nne juu ya bafu, tukaweka tanki pale. Ila tanki hiyo ikijaa ni tani moja. Weka msingi wa mawe, na maji ya mvua uyapitishe pembeni, isije ikakushukia na mteremko wake.

Baba Furaha
Yaya, kinapanda, tena sana. Siki imefanya kazi: ndoo sasa dakika 1 na nusu. Mama watoto ameoga, ametoka, hajasema kitu. Ndoo ameirudisha jikoni. Jumamosi napima ule mteremko. Fundi, mita ngapi za tiyo ya inchi ninunue kama tanki itakaa hatua 20 kutoka nyumba?