Ukishakuwa na faili la akili, hata sukari hupimwi. Unaambiwa "ni kawaida yao"

Wakuu habari zenu, leo mnivumilie nina hasira na sitaki kuzimeza.

Hivi hospitali zetu nani aliwaambia mgonjwa wa akili hana figo, hana moyo, hana kongosho? Maana ndugu yako akishafunguliwa lile faili ndo basi tena, akisema tumbo linamuuma ni akili, akitapika ni akili, akikohoa ni sigara zake, mwili wake haupimwi hata kwa bahati mbaya.

Mdogo wangu ana skizofrenia, anatumia olanzapini na alikuwa ametulia kabisa, anachomelea mageti, hela ya kula anatoa nyumbani. Tangu aanzishiwe ile dawa akawa ananenepa kwa kasi, mama akawa analisema kila akimpeleka kliniki, jibu ni hilo hilo, dawa inaongeza hamu ya kula mama, mpunguzie ugali. Wakati kila mtu wa fani anajua olanzapini inaweza kupandisha sukari, imo mpaka kwenye karatasi ndani ya boksi la dawa! Na mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2018 kuhusu afya ya mwili kwa wagonjwa hawa upo. Sasa pale kliniki kwetu hata mizani ilikuwa hamna, wanaangalia analala, haongei peke yake, wanaandika dawa, njoo mwezi ujao.

Baadae akaanza kunywa maji kupita kiasi, usiku haishi kwenda chooni, na ule unene wote ukaanza kuisha. Mama akamwambia nesi huyu mtoto anamaliza ndoo ya maji, nesi akajibu "hao ni kawaida yao mama, wengine wanakunywa hata ya mtaroni". Jamani! Mtu yeyote mwingine akienda na maelezo hayo, kiu, mkojo, kukonda, hata muuza duka la dawa anamwambia kapime sukari.

Ikafika siku akaanza kutapika, anahema haraka haraka, maneno hayaeleweki, hajui yuko wapi. Tukamkimbiza hospitali, mapokezi wakaona faili wakasema ugonjwa umerudi huo, ameacha dawa. Mama anaapa hajaacha, anameza mbele yangu, hakuna anayemsikiliza, wakamchoma sindano ya kumtuliza na kumfunga mikono kitandani. Mtu anakufa na sukari anafungwa kamba! Kilichomuokoa ni dokta mmoja kijana aliyeingia zamu, akainama akamnusa mdomo, harufu ikamshtua kuwa huenda ni sukari, akaomba mashine ya kuipima. Tone moja la damu, sekunde chache, mashine ikaandika HI, yaani sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma. Ndo ikaanza mbio ya dripu na insulini. Yule kijana Mungu amuweke, lakini ndugu yangu hakutakiwa kusubiri abahatishe zamu ya mtu mwenye utu.

Na haikuishia hapo. Sasa hivi anachoma insulini, na kliniki ya sukari hawamtaki, mara aje na mtu wa kumshika, mara mrudisheni kwa wenzake wa akili, kliniki ya akili nao wanasema sukari si kazi yetu. Anarushwa kama mpira na yeye mwenyewe amekaa kwenye benchi kimya anasikia kila kitu. Anaelewa jamani, ana akili za kutosha kujua anadharauliwa.

Kwenye foleni unasikia mengi, kuna dada mmoja mdogo wake alilalamika uvimbe kwenye titi wakaambiwa ni mawazo yake tu. WHO wenyewe wanasema watu wenye magonjwa makubwa ya akili wanakufa miaka 10 mpaka 20 kabla ya wenzao, na wengi wao wanaondoka na magonjwa ya mwili kama moyo, sukari, kifua, vitu vinavyozuilika kabisa. Huku mtaani watu wanasema amelogwa au dawa za kichaa zimemmaliza, tunazika, yanaisha.

Tanzania imeridhia mkataba wa UN wa watu wenye ulemavu tangu 2009, ibara ya 25 inasema wapate huduma ya afya ya kiwango kile kile wanachopata wengine. Sisi hatujaomba wodi ya kifahari. Tunaomba mizani, mashine ya presha, na ya sukari pamoja na vijiti vyake kwenye chumba kinachogawa hizo dawa, na mgonjwa akisema anaumwa ashikwe pale anaposema panauma.

Waganga wafawidhi na manesi mliomo humu, kwenye vituo vyenu mgonjwa wa olanzapini anapimwa sukari lini? Na wenye ndugu kama wangu, kwenu wanapimwa? Semeni, na kama hawapimwi msiondoke kliniki bila kudai.