Boksi la soketi ya nje kwenye ukuta uliopigwa mbao: je, inafaa kulizamisha?

Mwenye nyumba, Kigamboni
Ndugu mafundi, habari za kazi. Nyumba yangu haiko mbali na bahari, na upande wa baraza ukuta wa tofali umepigwa mbao kwa nje. Nahitaji soketi hapo kwa ajili ya pampu ya maji, na fundi wangu anataka kuzamisha boksi la chuma la kawaida, lile la ndani ya nyumba, kisha aweke soketi yenye kifuniko. Nilipofungua soketi ya zamani iliyokuwa palepale, nilikuta boksi limeliwa na kutu, sisimizi wamelijaza mchanga, na skrubu za shaba zimegeuka kijani. Naomba kujua masharti ya kuzamisha ni yapi.

Fundi umeme, Temeke
Kaka, kuzamisha kwenyewe si kosa. Kanuni ya umeme ya Marekani, ambako nyumba nyingi huvikwa mbao, inataka ukingo wa boksi ulingane na uso wa ukuta au utokeze mbele yake ikiwa ukuta ni wa kitu kinachoshika moto, ilhali kwenye zege au plasta boksi linaweza kurudi ndani lisizidi milimita 6. Sababu yake ni kwamba waya ukilegea na kutoa cheche, cheche hizo zibaki ndani ya boksi, zisiukute ubao. Sasa boksi la fundi wako likikaa kwenye tofali, litakuwa nyuma kwa unene wote wa mbao, na maji ya masika yanayoteremka katikati ya mbao na tofali yataingia humo moja kwa moja. Mimi ningeacha kuzamisha kabisa, nikafunga juu ya mbao boksi la plastiki la IP66 (IP ni daraja la kuzuia vumbi na maji), na waya ukaingilia chini.

Msimamizi wa ujenzi, Mbezi
Naunga mkono, ila angalia kifuniko kwa makini. Tarakimu ya kwanza ya IP inahusu vumbi na ya pili maji: 4 ni maji ya kurukia, 6 ni maji yanayopigwa kwa nguvu. Vifuniko vingi hutimiza daraja hilo vikiwa vimefungwa tu, na pampu yako itachomekwa muda wote, kwa hiyo nunua kile kinachofunga huku plagi ikiwa ndani. Jihadhari pia na silikoni: paka juu na pembeni, chini acha wazi ili maji yaliyopenya yapate pa kutokea.

Fundi umeme, Temeke
Nilisahau jambo kubwa kuliko yote. Kanuni za Uingereza za BS 7671 zinataka soketi ya namna hii ilindwe na RCD ya miliampia 30, inayokata umeme pale unapovuja kwenda ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu aliyesimama peku kwenye majani mabichi. Breka ya kawaida haitamwokoa mtu huyo, kwa kuwa mkondo unaoua mtu ni mdogo mno kuifanya breka hiyo ikate. RCD haiondoi haja ya erthi, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara. Kazi hiyo mpe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji.

Mwenye nyumba, Kigamboni
Asanteni sana. Nimefungua kasha la breka sasa hivi: laini ya baraza ina breka ya kawaida peke yake. Nimeizima, na itabaki imezimwa mpaka RCD ifungwe.