Shule ya kanisa Dodoma yamkatalia kidato cha nne mtoto mwenye alama za daraja la pili

Ndugu wazazi na walimu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mwanangu anasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni ya kanisa hapa Dodoma, ambayo sitaitaja jina. Tulipompeleka, fomu ya kujiunga ilieleza kwamba wastani wa kuvuka darasa ni 50. Oktoba mwaka huu, wiki chache kabla ya mtihani wa kumaliza mwaka, uongozi ulipandisha wastani huo hadi 60 bila kuitisha kikao cha wazazi, na sisi tukaarifiwa kwa ujumbe wa simu. Sasa ripoti imefika. Wastani wake ni 58, na mahali pa maoni ya mkuu wa shule pamegongwa muhuri mwekundu: "Akariri au ahame."

Hebu tuhesabu pamoja. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, alama 45 hadi 64 ni C, nayo C ni pointi 3. Mtoto anayepata 58 katika masomo 7 yanayohesabiwa ana pointi 21, na pointi 18 hadi 21 ni daraja la pili. Mwanangu ana B za Historia na Kiswahili juu ya hapo. Kilichomshusha ni Hisabati, ambayo aliifanya akiwa ametoka zahanati kutibiwa malaria, na mwalimu wa taaluma alipoombwa ampangie siku nyingine alijibu kwamba utaratibu hauruhusu. Tena wastani huo umetokana na mtihani mmoja tu. Majaribio ya kila mwezi na mtihani wa muhula wa kwanza havikuhesabiwa kabisa, ilhali Baraza lenyewe huchukua alama za maendeleo ya shuleni linapopanga matokeo ya kidato cha nne.

Sababu ya haya yote tunaijua. Shule inataka watakaofanya mtihani wa Taifa wawe wale tu wenye uhakika wa daraja la kwanza, ili matokeo yapambe tangazo la nafasi za masomo. Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023, lakini mashindano hayo bado yanaendeshwa kwa gharama ya watoto wetu. Anayekariri hulipa ada nyingine ya mwaka mzima. Anayehama huanza kuzunguka akitafuta shule itakayompokea akiwa anaingia darasa la mtihani, jambo ambalo wakuu wengi wa shule hulikwepa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mabweni yale tuliyachangia wenyewe kwenye harambee za Jumapili, na wapo wakulima wa alizeti na zabibu waliotoa walichokuwa nacho wakiamini wanajenga mahali ambapo mtoto wa kawaida atafundishwa mpaka aelewe.

Ninachodai ni wastani wa 50 ulioandikwa kwenye fomu tuliyosaini, alama za mwaka mzima zihesabiwe, na aliyekuwa mgonjwa afanye mtihani upya. Serikali imekwisha kuzikataza shule binafsi mara kadhaa kukaririsha na kuhamisha wanafunzi kwa kigezo cha wastani wa shule, kwa hiyo barua yangu itakwenda kwa afisa elimu na kwa wathibiti ubora wa shule. Mzazi aliyewahi kufuata njia hiyo hapa Dodoma, naomba anieleze alianzia ofisi gani na mtoto wake alirudishwa darasani au la.