Kaunsela wangu kila wiki ananibadilishia mbinu, niendelee naye kweli?

BintiKigamboni: Wakuu naombeni ushauri. Tangu mama afariki mwaka jana usingizi umenikimbia, saa nane usiku niko macho moyo unaenda mbio, nikaona niende kwa kaunsela. Wiki mbili za kwanza alikuwa ananisikiliza tu, mimi nalia yeye ananisogezea tishu. Ya tatu akaanza kuniuliza mambo ya utotoni, nani alinilea, baba alikuwaje. Ikafuata daftari, niandike kila wazo linalonijia usiku na pembeni niandike ushahidi kama ni la kweli. Juzi tumekaa tunavuta pumzi tu. Jamani anajua anachofanya au ananifanyia majaribio? Na hela naitoa kwa shida.

Mtulivu_TZ: Pole sana dada. Kazi yangu ndo hiyo hiyo ya ushauri nasaha. Kusikiliza bila kukuhukumu kunatoka kwa Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, mambo ya utotoni ni njia ya akina Freud, yule daktari wa Austria, na daftari ni la Aaron Beck, daktari wa Marekani ambaye miaka ya 1960 aligundua wagonjwa wake wa sonona wana mawazo yanayojijia yenyewe na wanayaamini bila kuyahoji. Kuchanganya hivyo kunaitwa njia jumuishi, mbinu inamfuata mtu. Mfiwa ukimpa daftari siku ya kwanza ataona humuelewi, lazima alie kwanza. Ila kuchanganya kwa mpango na kubahatisha ni vitu viwili tofauti kabisa, kwa hiyo muulize, kwa nini hii na kwa nini sasa hivi?

MamaJunior: Muulize kweli mdogo wangu. Wangu nilipomuuliza akawa mkali, ati nimuamini tu, sikurudi tena. Na ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri siku ya miadi, nenda hospitali hapo hapo.

BintiKigamboni: Asanteni sana, huko kujidhuru sijafika. Kwenye daftari niliandika "ningemuwahisha mama hospitali angepona", kufika upande wa ushahidi nikakaa karibu nusu saa na kalamu mkononi sina cha kuandika, maana daktari mwenyewe alishatuambia ugonjwa ulikuwa umeenea. Nililia sana ila usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri. Jumanne naenda, nitamuuliza.

Mtulivu_TZ: Daftari nenda nalo, msomee huo ukurasa.